Je, wajua kwa nini boti moja ya Dunga huhesabiwa kama nane?

Nenda bichi ya Dunga, Kisumu, alfajiri wavuvi wanaporudi. Utamkuta karani na mizani ya kuning'iniza na daftari lililolowa pembeni. Anatakiwa ajue ni kilo ngapi zimetua leo, lakini kupima kila boti hawezi: kina mama wachuuzi wameshashika beseni zao, na mbuta hawezi kukaa juani akimsubiri karani. Basi anapima boti kumi. Jioni taarifa inataja kilo za bichi nzima. Zile za boti ambazo hazikupimwa zimetoka wapi?

Njia ya mkato ni kuchukua wastani wa zile kumi na kuuzidisha kwa boti zote. Tujaribu kwa namba za kubuni. Tuseme boti zote ni 60: 40 za makasia na 20 za injini. Karani amepima tano na tano, maana za injini zilitangulia kufika na kumjazia daftari kabla hajanywa chai. Za makasia zimeleta wastani wa kilo 8, za injini kilo 30. Wastani wa boti zote kumi ni kilo 19. Zidisha kwa 60, unapata 1,140.

Hapo mizani haina kosa. Kosa ni kwamba boti za injini ni theluthi tu ya bichi, ila kwenye daftari zimekuwa nusu. Karani mzoefu hazitupi zile alizopima; anazigawia mzigo upya. Kila boti ya makasia aliyoipima inasimama badala ya nane, kwa kuwa 40 gawanya kwa tano ni nane. Kila ya injini inasimama badala ya nne. Jumla sasa ni 320 na 600, yaani kilo 920. Kilo 220 zimeyeyuka bila kupimwa samaki hata mmoja zaidi. Hiyo nane na hiyo nne wanatakwimu huziita uzito, ingawa hakuna mizani iliyowahi kuzipima.

Yote hayo yamewezekana kwa sababu kuna mtu aliyewahi kuhesabu boti zote. Kenya, Uganda na Tanzania hufanya sensa ya uvuvi Ziwa Victoria, wakihesabu boti, injini na nyavu. Ukijua idadi ya nyavu, unaweza kutumia uwiano: tafuta kilo kwa kila wavu kwenye boti chache, kisha zidisha kwa nyavu zote. Sharti ni kwamba viwili hivyo viwe vinakwenda pamoja. Kuzidisha kwa umri wa nahodha hakutakupa kitu.

Mbinu hii ni ya zamani. Mwaka 1802 mwanahisabati Mfaransa Pierre-Simon Laplace alitumia uwiano kukadiria watu wa Ufaransa. Katika maeneo teule ya mikoa 30 walihesabiwa watu 2,037,615, na rekodi za maeneo hayo zilionyesha takriban watoto 71,866 waliozaliwa kwa mwaka. Gawanya, na kila mtoto aliyezaliwa anasimamia watu 28 na ushei. Kwa kuwa nchi nzima ilikadiriwa kupata watoto milioni moja kwa mwaka, jibu lake likawa watu zaidi ya milioni 28. Kilichonivutia zaidi ni kwamba alipiga pia hesabu ya ukubwa wa kosa ambalo huenda amefanya.

Tatizo huanza pale binadamu wanapochukua nafasi ya boti. Mdodosaji akiingia Nyalenda, mtaa wa kipato cha chini Kisumu, mchana, atapata milango wazi na kiti cha kukalia. Akienda Milimani, mtaa wa wenye uwezo, askari wa getini atamwambia mwenye nyumba hayuko. Wachache wa Milimani waliojibu watapewa uzito mkubwa ili mtaa wao usipotee kwenye hesabu. Sawa, lakini kama waliofungua mlango ni wastaafu, na walioko kazini hawakuulizwa, uzito huo umewapa wastaafu kipaza sauti, basi. Tena mtu mmoja akibebeshwa mzigo wa mamia, vituko vyake vinakuwa vya mamia. Ndiyo maana wachambuzi hupunguza uzito uliopita kiasi: wanakubali makadirio yapinde kidogo ili yasiyumbe sana.

Wadi nazo zina shida yake. Utafiti wa demografia na afya wa Kenya wa 2022 ulipangwa kutoa makadirio hadi ngazi ya kaunti. Kisumu ina wadi 35, na wadi moja huenda ikaangukiwa na kaya chache mno, zisizotosha kusemea lolote. Mwaka 1979, wanatakwimu Robert Fay na Roger Herriot walionyesha, kwa takwimu za kipato za miji midogo ya Marekani, jinsi eneo dogo linavyoweza kuazima nguvu, yaani kusaidiwa na takwimu za maeneo yanayofanana nalo.

Turudi Dunga. Orodha ya boti huzeeka. Tuseme kumi kati ya zile 40 za makasia zimefungwa injini tangu zihesabiwe, na karani hana habari. Sasa ni 30 kwa 30: kilo 240 na kilo 900. Jumla ni 1,140, ileile tuliyoikataa.