Miaka 18 si kuchelewa

Kwenye viwanja vya vumbi vya Dodoma kuna imani iliyokita mizizi: kijana asipokwenda Ulaya kabla ya kutimiza miaka 18, mpira wake umeisha. Imani hiyo si ya kweli, tena inaumiza watoto.

Kanuni za FIFA zinakataza mchezaji wa chini ya miaka 18 kuhamia klabu ya nchi nyingine, isipokuwa kwa sababu chache, mfano wazazi wake wamehama kwa shughuli zisizohusu mpira. Hivyo anayemdai mzazi wa Chang'ombe pesa ili kijana wa miaka 15 "akasaini Ulaya" anauza kitu kisichoruhusiwa. Mzazi auze ng'ombe kwa ajili hiyo? Hapana.

Mtazame Mbwana Samatta, mshambuliaji wa Tanzania aliyezaliwa Desemba 1992. Alianzia African Lyon, akapita Simba, kisha 2011 akaenda TP Mazembe ya Kongo. Hapo alikaa miaka zaidi ya minne, akacheza mechi ngumu za Afrika, na 2015 timu hiyo ikatwaa Ligi ya Mabingwa Afrika. Januari 2016 ndipo alipotua Genk ya Ubelgiji, akiwa na miaka 23.

Kwa hiyo hakuna sababu ya kumpunguzia kijana umri kwenye cheti cha kuzaliwa. Hata hapa nyumbani nafasi ipo: klabu ya Dodoma Jiji ilipanda Ligi Kuu 2020. Kijana wa miaka 19 anayepata dakika za kucheza uwanja wa Jamhuri yuko kazini tayari.