Presha 160 kwa 70: mzee, usiifurahie hiyo 70

Wazee wengi nikishawapima presha wanakimbilia kuuliza namba ya chini. Nikisema 70 au 68 mtu anatabasamu kabisa, "basi ya chini iko vizuri dokta, hiyo ya juu ni mawazo tu na ngazi nilizopanda", na watoto waliomsindikiza nao wanaitikia. Siwalaumu, manake hata sisi madaktari tuliishi na hiyo imani miaka mingi sana, kwamba ya chini ndo ya kuogopwa na ya juu kupanda na umri ni kawaida, eti mwili wa mzee unahitaji presha kubwa ili damu ifike kichwani. Mi siku hizi kwa mtu aliyevuka 60 macho yangu yanaenda kwenye pengo kati ya hizo namba mbili, na ngoja nieleze kwa nini, japo itabidi tuzunguke kidogo.

Kuna mshipa unaitwa aota, ndo mkubwa kuliko yote, unatoka moyoni ukipinda kushuka kifuani mpaka tumboni. Watu wanauchukulia kama bomba la kupitisha damu tu, kumbe nao unafanya kazi. Moyo haumwagi damu mfululizo, unasukuma alafu unapumzika, sasa ukisukuma aota inatanuka na kuibakiza sehemu ya ile damu, moyo ukipumzika aota inajirudi na kuisukuma iliyobaki iende mbele, ndo maana damu yako haisimami kati ya pigo na pigo. Kinachofanya hivyo ni nyuzi zinazovutika ziitwazo elastini. Tatizo la elastini ni kwamba mwili unaitengeneza ukiwa tumboni kwa mama na utotoni, baada ya hapo ni kama duka limefungwa, unayozeeka nayo ni ile ile. Na moyo unapiga kama mara 100,000 kwa siku, piga hesabu mpaka miaka 60 ni zaidi ya bilioni 2! Nyuzi zinachoka, zinakatika moja moja, nafasi yake inashikwa na kolajeni ambayo ni ngumu, kalisiamu nayo inajikusanya ukutani, na kwa mwenye kisukari ile sukari inajibandika kwenye kolajeni na kuzifunga nyuzi pamoja zisiteleze. Mwenye figo mbovu kalisiamu inamuwahi mapema zaidi. Mvutaji sigara naye yumo.

Hapa naomba tusichanganye mambo, manake kila wiki naulizwa. Hii sio habari ya mafuta kuganda. Kolesteroli inajenga mavimbe kwenye utando wa ndani wa mshipa, hapa na pale, mpaka njia inakuwa nyembamba. Kukakamaa ninakokusema mi kunakula ukuta wa katikati, na kunakula mshipa kwa urefu wake. Mara nyingi vyote viwili unavikuta kwa mtu mmoja, lakini unaweza kabisa kuwa na kolesteroli safi na aota ngumu kama ubao.

Sasa turudi kwenye namba. Aota ikiwa ngumu haitanuki, kwahiyo nguvu yote ya moyo inageuka presha palepale, ya juu inapanda. Na kwa vile haikubakiza damu, moyo ukipumzika hakuna cha kusukumwa, presha inaporomoka, ya chini inashuka. Umeona? Ugonjwa ni mmoja, namba moja inakutisha na nyingine inakufariji. Kule Framingham, Marekani, ambako wamekuwa wakiwafuatilia watu tangu 1948, ndo walionyesha vizuri kwamba ya juu inaendelea kupanda uzeeni wakati ya chini inapanda mpaka miaka ya 50 alafu inageuza kushuka. Mwenye 120 kwa 80 pengo lake ni 40. Mwenye 160 kwa 70 pengo lake ni 90. Pengo la mzee likifika 60 na kuendelea mi naanza kumuuliza maswali mengi, hata kama amekuja kwa ajili ya goti.

Kuna kitu kingine ambacho kwenye mashine ya presha hukioni. Kila pigo la moyo linatuma wimbi kwenye kuta za mishipa, linakimbia kuliko damu yenyewe. Kwa kijana wimbi hilo linakwenda kama mita 5 au 6 kwa sekunde, kwa mwenye aota ngumu linafika 10, 12, hata zaidi. Likifika kwenye matawi ya mbele sehemu yake inarudi nyuma. Kwenye mishipa laini linarudi wakati moyo umepumzika na hapo linasaidia, kwa sababu msuli wa moyo unapata sehemu kubwa ya damu yake wakati wa kupumzika. Kwenye mishipa migumu linawahi kurudi, linaukuta moyo bado unasukuma, yaani moyo unasukuma huku unasukumwa. Mwaka baada ya mwaka msuli unanenepa, ukinenepa unataka damu zaidi, na damu hiyo inategemea presha ya chini, ambayo ndo hiyo imeshuka mkaifurahia. Ndo unakuta mzee anabanwa kifua bila kuwa na mshipa ulioziba wa maana, au anahema akipanda kilima kidogo, ukimpiga eko, yaani ultrasound ya moyo, wanasema moyo unasukuma vizuri. Ni kweli unasukuma vizuri, kinachoushinda ni kulegea ili ujae damu, na hiyo nayo ni kufeli kwa moyo.

Ubongo ndo unaoniumiza zaidi. Ubongo na figo vinapokea damu nyingi muda wote, milango yake iko wazi, havina kizuizi kikubwa mbele. Katika hali nzuri aota ni laini kuliko mishipa inayofuata, na hiyo tofauti inarudisha sehemu ya mshindo wa pigo kabla haujafika mbali. Aota ikishakakamaa ikalingana na ya shingoni, hakuna cha kuurudisha, mshindo unapita moja kwa moja mpaka kwenye vimishipa vidogo kabisa ndani ya ubongo ambavyo havikuumbwa kwa kupigwapigwa. Vinaziba, vinavuja. Kabla ya kiharusi kikubwa kinachomlaza mtu, kunakuwa na vidogo vingi vya kimya kimya, kwenye picha ya MRI unaona madoa meupe, nyumbani wanaona baba anasahau, anatembea polepole, wanasema uzee.

Kuna kipimo cha ugumu huu wa aota, kinapima kasi ya lile wimbi la pigo: wanaweka kihisio shingoni na kingine kwenye mshipa wa kinena, wanagawa umbali kwa muda. Miongozo ya Ulaya inachukulia kupita mita 10 kwa sekunde kuwa dalili kwamba mshipa umeshadhurika. Uchambuzi mmoja wa mwaka 2010 uliokusanya tafiti nyingi ulikuta kila mita 1 kwa sekunde inayoongezeka inaendana na ongezeko la karibu 14% la matukio ya moyo na mishipa, na hapo umri na hatari nyingine zilishahesabiwa. Kipimo kizuri, ila usihangaike kukitafuta, mashine ya kawaida ya mkononi inakupa pengo na hilo linatosha kuanzia. Zile saa za kisasa zinazokuambia umri wa mishipa yako, mmh, zisikunyime usingizi.

Je, inatibika? Elastini iliyokatika hakuna dawa ya kuirudisha, anayekuuzia ya hivyo anakuibia. Lakini kushusha ile ya juu kunaokoa watu, hili lina ushahidi wa wazi. Utafiti wa SHEP wa 1991 ulichukua watu wa 60 na kuendelea wenye hali hii hii, ya juu 160 kupanda na ya chini isiyofika 90, matibabu yakaanza na kidonge cha bei rahisi cha kukojoza, kiharusi kikapungua kwa 36%. Watu wakasema haya, lakini wa miaka 80 je, waacheni wazee wapumzike. Ukaja HYVET 2008 kwa wa 80 na kuendelea, kufeli kwa moyo kukapungua kwa 64% na vifo kwa 21%. Chumvi chini ya gramu 5 kwa siku, mwendo wa kutoka jasho siku nyingi za wiki na sigara kuacha vinasaidia pia, na ukivianza mapema ndo bora zaidi, kwa sababu data za Framingham za 2012 zilionyesha aota inaweza kukakamaa kwanza, presha ikafuata baadae.

Ila kuna mtego. Mwili una vihisio vyake vya presha, viko kwenye ukuta wa aota na wa mishipa ya shingo, vinahisi ukuta ukivutika. Ukuta mgumu hauvutiki, kwahiyo mzee akisimama ghafla taarifa inachelewa, presha inadondoka, kichwa kinazunguka, anaanguka nyonga inavunjika. Kwahiyo dawa tunaanza na dozi ndogo na kupandisha taratibu, na tunapima akiwa amekaa alafu tena baada ya dakika 1 na dakika 3 za kusimama. Ya juu ikishuka 20 au ya chini 10, mwambieni daktari wake kabla ya kuongeza chochote, wala msiache dawa wenyewe. Mnaopima nyumbani, kwenye daftari wekeni na safu ya vipimo vya kusimama, wengi wanatuletea za kukaa tu.