Piramidi ya Louvre haina vioo 666

Kwa zaidi ya miaka 30 watu wamekuwa wakiambiana kwamba piramidi ya kioo iliyo uani mwa Louvre, makumbusho ya sanaa jijini Paris, ina vioo 666, ile namba ya mnyama katika Ufunuo, na kwamba Rais François Mitterrand wa Ufaransa aliagiza hivyo makusudi. Si kweli. Vioo ni 673: 603 vya umbo la almasi na 70 vya pembetatu.

Hata asiyefika Paris anaweza kuhakiki. Kila upande mzima una safu 18 za vioo. Ya juu kabisa ina kioo kimoja, inayofuata viwili, hivyo hivyo hadi 18 chini, jumla 171. Pande tatu ni 513. Upande wa nne umetobolewa mlango, ukakosa vioo 11, ukabaki na 160. Jumlisha.

Namba 666 ilichapishwa katika kijitabu cha miaka ya 1980, ujenzi ukiendelea. Magazeti yakainukuu, riwaya zikaipokea, na uvumi ukaota mizizi.

Sababu ya piramidi hiyo ni ya kawaida kabisa. Louvre ilikuwa kasri la wafalme hadi Louis XIV alipohamishia makao yake Versailles mwaka 1682; ikafunguliwa kuwa makumbusho ya sanaa tarehe 10 Agosti 1793. Milango yake ya kale haikuweza kupokea mamilioni ya wageni. Msanifu I. M. Pei akabuni lango moja la kushukia ukumbi wa chini ya ardhi, akachagua kioo ili mwanga uingie na kasri lisifichwe.