Rangi ya baiskeli kwenye ubao wa silingi

Nikiwa mwaka wa tatu, katika somo la sanaa ya kisasa, tulifika kwenye ile ndizi. Mhadhiri akaiwasha kwenye projekta: ndizi moja mbivu, imebandikwa ukutani kwa utepe wa kijivu. Ni kazi ya Maurizio Cattelan wa Italia, iliyoonyeshwa Miami mwaka 2019. Darasa likagawanyika, wengine wakicheka, wengine wakiandika haraka. Mimi nilikaa kimya, kwa sababu wiki hiyohiyo nilikuwa nimerudishiwa pendekezo langu la utafiti kuhusu Tingatinga, ule mtindo wa uchoraji wa wanyama ulioanzia Oysterbay, Dar es Salaam. Pembeni, kwa wino mwekundu, lilikuwa na maneno matatu: "bidhaa za utalii".

Tangu siku hiyo nimekuwa nikijaribu kuelewa ni kitu gani kinachoiruhusu ndizi kuingia na kumwacha nje twiga wa Oysterbay.

Nianze na ndizi, maana wengi wanaisimulia nusu. Aliyeinunua hakununua tunda. Tunda linaoza, na mwenyewe anaruhusiwa kulibadilisha kila linapoharibika. Kilichouzwa ni hati, pamoja na maelekezo ya namna ya kuibandika. Kule Miami zilitolewa nakala tatu, bei ikaanzia dola 120,000. Novemba 2024 nakala mojawapo ilinadiwa New York kwa dola milioni 6.2. Siikatai kazi hii. Cattelan aliamua jambo, akaliweka mbele za watu bila kificho, nasi bado tunajadiliana naye. Ila nakuomba ukumbuke hilo neno "nakala", kwa sababu tutakutana nalo tena huko mbele.

Kesi iliyonisaidia zaidi ni ya zamani. Mwaka 1926 mchongaji Constantin Brancusi, Mromania aliyeishi Paris, alituma Marekani sanamu yake ya shaba, "Ndege Angani". Ni umbo jembamba, refu, linalong'aa kama kioo, halina bawa wala mdomo. Msanii mwenzake, Marcel Duchamp, ndiye aliyesafiri na mzigo huo. Kwa sheria ya wakati ule, kazi ya sanaa iliingia Marekani bila ushuru. Maofisa wa forodha wakaitazama sanamu, wasimwone ndege, wakaiweka kwenye fungu moja na vyombo vya jikoni na vya hospitali, na kudai ushuru wa asilimia 40. Mwenye sanamu, mpiga picha Edward Steichen, alikuwa miongoni mwa waliotoa ushahidi mahakamani. Huko aliulizwa hata kama angekutana na kitu kile porini angekipiga risasi. Novemba 1928 mahakama ikaamua kwamba ile ni sanaa. Jaji alikubali kuwa umezuka mtindo mpya, ambao wachongaji wake hawaigi tena maumbile bali wanajaribu kuonyesha wazo.

Tulipofundishwa kesi hii, tulifundishwa kama ushindi, na ni ushindi kweli. Lakini soma vigezo vyenyewe. Ili sanamu ipite, ilibidi ithibitike kwamba ni kazi halisi, si nakala. Kwamba haina matumizi mengine zaidi ya kupendeza. Na kwamba aliyeitengeneza ni mchongaji kwa taaluma. Sasa msimamishe Edward Saidi Tingatinga, aliyeuanzisha mtindo unaobeba jina lake, kwenye dirisha lile la forodha. Taaluma yake ataithibitishaje? Hakuna chuo kilichomjua. Rangi yake ni ile ya mafuta ya kupakia baiskeli, na ubao wake ni hadbodi ya silingi. Picha zake zinauzwa nje ya Morogoro Stores, maduka ya Oysterbay, karibu na wanaoshuka kwenye magari kwenda kununua mkate. Angelipa ushuru.

Tingatinga alizaliwa Tunduru mwaka 1932. Mwaka huohuo, Kilimanjaro, alizaliwa Elimo Njau. Nimewaweka ukurasa mmoja katika daftari langu na siwezi kuwatenganisha. Njau alisomea sanaa Makerere, akachora picha kubwa za maisha ya Yesu katika kanisa la Murang'a mwishoni mwa miaka ya 1950, na mwaka 1965 akawa miongoni mwa walioanzisha Paa ya Paa jijini Nairobi, jumba la sanaa lililobeba jina la mnyama na tendo la kuruka juu kwa neno moja. Tingatinga aliyaacha masomo mapema, akafanya vibarua kwenye mkonge wa Tanga, akahamia Dar es Salaam, na ilipofika 1968 ndipo akaanza kuchora. Alikuwa amebakiwa na miaka minne tu ya kuishi. Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi wakimdhania mhalifu.

Msemo uliomtambulisha Njau pale Paa ya Paa ni kwamba usinakili, kunakili humlaza Mungu usingizi. Niliuandika ndani ya jalada la daftari langu la mwaka wa kwanza na niliuamini wote. Kwa msemo huo, Tingatinga ya leo haina pa kusimama: ndugu na wanafunzi wake waliendeleza mtindo wake baada ya kifo chake, mwaka 1990 wakasajili ushirika, na hadi sasa twiga, chui na ndege wale wanazaliwa upya kila siku.

Lakini zitazame picha za Murang'a. Kuzaliwa kwa Yesu, kubatizwa, karamu ya mwisho, Gethsemane, msalaba. Hakuna mada iliyorudiwa na wachoraji kuliko hizo. Njau hakubuni hata moja. Alichofanya ni kuzileta kwenye vilima vya nchi ya Wakikuyu, kwa watu waliokuwa bado katika miaka ya hali ya hatari nchini Kenya, wakati wa Mau Mau, na waliokuwa wamezika wenzao. Huo ulikuwa uamuzi, na ulikuwa na gharama. Kwa hiyo nadhani Njau hakuwa akiikataza mada iliyotumika. Alikuwa akimkataza mtu kuinua mkono kabla hajaamua.

Na vifaa navyo havisemi kitu. Michael Armitage, mzaliwa wa Nairobi, anachora juu ya lubugo, kitambaa cha gome la mutuba ambacho Baganda huzikia wafu wao. Alikiona kwanza kwenye soko la watalii Nairobi, kikiuzwa kama vikeka vya kuwekea sahani. Kitambaa kina matundu na mishono, na yeye haifichi. Tundu linaweza kuangukia katikati ya umati wa mkutano wa kampeni, likabaki hapo. Mwaka 2021 picha hizo zilikuwa Royal Academy ya London, na katika maonyesho hayohayo alitenga nafasi kwa wachoraji wa Afrika Mashariki waliomtangulia, Elimo Njau akiwamo. Kwa hiyo bidhaa ya utalii inaweza kuwa mwanzo wa sanaa. Hata lugha yetu ilishalijua hilo: sanaa tumeipokea kutoka Kiarabu, na kule asili yake ni kazi ya mikono, ufundi. Sisi wenyewe ndio tuliokuja kumtenga fundi na msanii, na sasa mtaani ukimwambia mtu anafanya usanii unamaanisha anakudanganya. Hilo linaniuma kila nikilisikia.

Niliandika pendekezo upya, nikaenda Oysterbay, kwenye vibanda vya wachoraji. Nilirudi mara nne. Mzee mmoja aliniruhusu nikae kwenye kigoda karibu naye. Alikuwa na kanvasi sita mbele yake, zote zimeshapakwa rangi ya chini, njano ikififia kuelekea nyekundu. Rangi ya mafuta haikauki haraka, ndiyo maana anafanya kwa mkupuo: shingo sita za twiga, kisha miguu, kisha anarudi kuweka nakshi, nukta moja moja kwa ncha ya brashi. Mkono wake haukutetemeka wala kusita. Nilimuuliza swali ambalo sasa nalionea aibu.

"Mzee, hizi zote ni sanaa?"

Hakukasirika. Alifuta brashi kwenye kitambaa.

"Mwanangu, hizi ni za mteja. Twiga sita, Ijumaa anapitia. Hizi ni kazi."

Akanyanyuka, akaenda nyuma ya kibanda, akarudi na ubao wa hadbodi, mraba, kipimo cha zamani kile cha Tingatinga mwenyewe. Usuli wake ulikuwa mweusi. Ilikuwa daladala usiku, imeonekana kwa nyuma, na abiria wote wamegeuzia visogo kwetu. Nakshi ambazo kwenye twiga zinajaa mwili mzima, hapa zilikuwa kwenye jambo moja tu: taa za ndani ya gari, nukta za njano zikidondokea mabega ya watu. Mtindo ni uleule alioupokea kwa mwalimu wake, naye mwalimu kwa wake, hadi kwa Edward. Ila sijawahi kuona Tingatinga inayonyamaza namna ile.

"Hii ndiyo yangu," akasema.

Nilimuuliza kwa nini haiko mbele, barabarani, watu waione. Alisema aliwahi kuitoa. Wateja walipita, wakauliza kama anayo hiyohiyo yenye simba. Mmoja alimwomba aibadilishe usuli iwe ya bluu. Alipofikiria sana akaona kwamba akiibadilisha itauzwa, na asipoibadilisha itabaki yake.

Tukasikia gari linaegeshwa nje. Aliigeuza picha ikaangalia ukuta, akaketi, akachukua brashi na kurudi kwenye twiga wa tatu.