Kiunzi cha mbao: mifupa ya hoteli ya The Feathers

Kiunzi cha mbao ni ujenzi ambao nyumba husimamishwa na nguzo na boriti zilizofungamana, si na kuta. Mfano ninaoupenda kuliko yote ni The Feathers, hoteli ya mjini Ludlow, Uingereza, karibu na mpaka wa Wales. Ilijengwa mwaka 1619 kwa ajili ya mwanasheria Rees Jones, na baadaye katika karne hiyohiyo ikawa nyumba ya wageni. Jina lake limetokana na manyoya ya mbuni, nembo ya Mwanamfalme wa Wales, yaliyochongwa kwenye mbao za mbele.

Aliyewahi kukandika nyumba ya miti hahitaji maelezo mengi. Katika nyumba za aina hii fito zilisukwa baina ya nguzo, zikakandikwa udongo uliokorogwa na majani makavu na samadi ya ng'ombe, kisha zikapakwa chokaa. Udongo kazi yake ni kuzuia upepo na mvua tu. Uzito wa paa na ghorofa hupita kwenye boriti, ukashuka na nguzo hadi chini. Ndiyo maana unaweza kuubomoa ukuta uliochakaa, ukaukandika upya, na nyumba isitikisike.

Ufundi wenyewe uko kwenye viungo. Seremala alitumia mwaloni ungali mbichi, kwa sababu ukishakauka unaitia patasi taabu. Alichonga ulimi kwenye ncha ya boriti, akautia katika tundu la nguzo, akafunga kwa msumari wa mti. Hapo pana ujanja mzuri sana: tundu la msumari kwenye ulimi lilitobolewa kando kidogo ya lile la nguzo, makusudi, ili msumari ukigongwa uivute boriti ndani na kiungo kikaze. Mbao zilikaukia hapohapo zilipo, zikapinda, na nyumba ikapinda nazo bila kuanguka.

Tena, si kila ubao wa The Feathers umebeba kitu. Sehemu kubwa ya uso wake imejazwa vipande vilivyopangwa maumbo ya almasi, mbao nyingi kuliko jengo lilivyohitaji. Mwaloni ulikuwa mali, na mwanasheria yule aliutandaza mbele ya barabara, kila mpita njia auone.