Kwa nini ni nadra Seneti ya Marekani kumkataa mteule wa rais?

Tangu mwaka 1789, Seneti ya Marekani imewakataa kwa kura watu tisa tu walioteuliwa kuwa mawaziri. Wa mwisho ni John Tower, ambaye Rais George H. W. Bush alitaka awe Waziri wa Ulinzi mwaka 1989. Alishindwa kwa kura 47 dhidi ya 53.

Je, marais ni hodari kiasi hicho wa kuchagua watu? Hapana. Sababu iko kwenye hesabu, na kwenye hofu.

Katiba inamtaka rais apate ridhaa ya Seneti yenye maseneta 100. Zamani wapinzani waliweza kumzuia mteule kwa kurefusha mjadala, na kuufunga mjadala huo kulihitaji kura 60. Novemba 2013 chama cha Democratic kilibadili utaratibu, wingi wa kawaida ukatosha. Mwaka 2017 Republican nao wakafanya hivyo kwa majaji wa Mahakama ya Juu. Tangu hapo, chama cha rais kikiwa na viti vingi hakihitaji kura hata moja kutoka upande wa pili. Mlinzi pekee aliyebaki langoni ni mwanachama mwenzake rais.

Februari 2017 Republican walikuwa 52. Susan Collins na Lisa Murkowski wakampinga Betsy DeVos, mteule wa Rais Donald Trump wa Wizara ya Elimu. Kura zikawa 50 kwa 50, na Makamu wa Rais Mike Pence, mwenye kura ya kuamua zinapolingana, akampitisha. Januari 2025 walikuwa 53. Wanawake wale wale, safari hii pamoja na Mitch McConnell, wakampinga Pete Hegseth wa Ulinzi. Tena 50 kwa 50, na Makamu wa Rais JD Vance akaamua. Sizidunishi kura zao. Lakini mara zote mbili uasi uliishia palepale ambapo chama kingeweza kuustahimili. Kura nzito ni ile inayofuata, ya seneta ambaye peke yake angemwangusha mteule, na huyo hakutokea.

Anaogopa nini? Kura za mchujo, ambazo chama huchagulia mgombea wake. Seneta hutimuliwa na wanachama wake kabla hata hajakutana na mpinzani. Murkowski alishindwa kwenye mchujo wa Alaska mwaka 2010, akaokolewa na wapiga kura walioandika jina lake kwa mkono kwenye karatasi za kura. McConnell naye, wiki chache baada ya kumkataa Hegseth, alitangaza kuwa hatagombea tena.

Hata hivyo, ile tisa haisemi yote. Mwaka 2021 Seneti iligawanyika nusu kwa nusu. Joe Manchin wa Democratic, chama cha Rais Joe Biden, akasema hatamuunga mkono Neera Tanden kuongoza ofisi ya bajeti, na jina likaondolewa kabla ya kura. Novemba 2024 Matt Gaetz, chaguo la Trump kwa Mwanasheria Mkuu, alijiondoa mwenyewe, baada ya maseneta wa Republican kuonyesha mashaka. Hakuna kati yao anayehesabiwa kuwa alikataliwa. Ujasiri mwingi hufanyika hivi, kimyakimya, kwa seneta kumwambia kiongozi wake mapema: kura yangu usiihesabu.

Wapo waliovuka mpaka huo mbele ya macho ya wote. Machi 1925 Rais Calvin Coolidge alimteua Charles Warren kuwa Mwanasheria Mkuu, mtu aliyehusishwa na makampuni ya sukari yaliyotuhumiwa kuhodhi soko, wakati kazi yake ingekuwa kuzisimamia sheria hizo hizo za kuzuia uhodhi. Republican walikuwa na wingi, lakini baadhi yao wakaasi. Kura zikawa 40 kwa 40. Makamu wa Rais Charles Dawes, aliyeambiwa hakutakuwa na kura siku hiyo, alikuwa amejipumzisha hotelini. Alipofika mbio, Lee Overman, Democratic pekee aliyekuwa amemuunga mkono Warren, alikuwa ameshageuza kura yake, na Warren akawa ameanguka. Siku chache baadaye Coolidge akalirudisha jina lile lile. Likakataliwa tena, kwa kura 46 dhidi ya 39.