Mchumba wako Mfilipino bado ana ndoa ya zamani? Dhana potofu na ukweli

Hili swali haliishi kwa watu waliopata mchumba Ufilipino, au Mfilipino waliyekutana naye kazini Dubai au Doha: yeye na mume wake wa kwanza waliachana zamani, sasa sisi tunafungaje ndoa? Na majibu wanayopewa, mengi ni ya kuwaingiza shimoni. Nitaongea kama vile mchumba ni mwanamke, ila akiwa mwanaume sheria ya ndoa ni ileile.

"Wameachana miaka kumi, kila mtu yuko huru."

Hapana bana. Ukitoa Vatikani, Ufilipino ndo nchi pekee iliyobaki bila talaka kwa raia wake wengi. Malta nao walikuwa hivohivo mpaka wakaruhusu 2011. Na asikwambie mtu kwamba walishabadilisha, kilichotokea ni kwamba Bunge la chini lilipitisha muswada wa talaka Mei 2024, ukakwama Seneti na Bunge lile likamaliza muda wake. Kwa hiyo hata waishi mbalimbali miaka 7 au 20, hata jamaa awe na watoto watano na mwanamke mwingine, bado ni mume wake. Hakuna idadi ya miaka inayofuta ndoa yenyewe. Kinachokaribia ni kifungu cha 41 cha Kanuni ya Familia (sheria yao ya ndoa na familia), mume awe amepotea miaka 4 mfululizo (au 2 kama alipotelea kwenye hatari ya kifo, tuseme meli imezama), na hata hapo mke lazima aende mahakamani aonyeshe alimtafuta kweli na ana sababu ya kuamini amekufa. Kutojibu meseji Facebook sio kupotea.

"Kubatilisha ndoa ni talaka tu, wameibadilisha jina."

Talaka ikiwa haipo, njia ya wengi kule ni mahakama kubatilisha ndoa, na hapa ndo watu wanapotea zaidi. Talaka inasema ndoa ilikuwepo na sasa imeisha. Kubatilisha kunasema tatizo lilikuwepo siku ileile ya harusi, kwa hiyo mambo yaliyotokea baadaye, kupigwa, kuchepuka, kutelekezwa, peke yake hayatoshi, ni ushahidi tu wa kitu kilichokuwepo tangu mwanzo. Watu wanaita yote jina moja ila kisheria kuna ndoa batili tangu mwanzo, mfano mmoja alikuwa chini ya miaka 18 au hapakuwa na leseni ya ndoa, na kuna ndoa inayoweza kubatilishwa, mfano mtu alilazimishwa au alidanganywa kwa namna ambazo sheria imezitaja. Kesi nyingi zinapita kifungu cha 36, kwamba mmoja wao hakuwa na uwezo wa kisaikolojia wa kubeba majukumu ya ndoa. Zamani ilikuwa kama lazima mtaalamu aje kumpa mtu jina la ugonjwa, lakini mwaka 2021 Mahakama ya Juu kabisa ya Ufilipino, kwenye kesi ya Tan-Andal dhidi ya Andal, ikasema hili ni suala la kisheria sio la kitabibu, na mtaalamu sio lazima. Imelegea kidogo, ila ushahidi bado unatakiwa mzito.

Halafu kuna hili linalowashangaza wageni wengi: "mume wake wa zamani amekubali, kwa hiyo itakuwa chapuchapu." Kukubaliana ndo kunaweza kuharibu kesi! Kifungu cha 48 kinamtaka mwendesha mashtaka ahakikishe wawili hawajapanga njama, na hakimu haruhusiwi kutoa hukumu eti kwa sababu tu upande wa pili umekiri. Serikali yenyewe imo kwenye kesi kutetea ndoa.

"Nikilipa vizuri itaisha miezi miwili."

Hesabu miaka. Akitokea mtu anakuuzia hukumu bila mchumba wako kusimama mbele ya hakimu, au kesi imefunguliwa mkoa ambao wote wawili hawajawahi kuishi (sheria inataka mmoja wao awe ameishi pale angalau miezi 6 kabla ya kufungua), hiyo ni karatasi feki na utagundua siku ya viza.

"Kanisa limeshabatilisha." Hiyo inamruhusu kufunga ndoa kanisani tu, serikali haiitambui. Na kinyume chake vilevile.

"Basi tukafungie Hong Kong." Sheria ya Ufilipino kuhusu hali ya ndoa inamfuata raia wake popote alipo, na ndoa ya pili wakati ya kwanza ipo haitambuliki kwao hata mngefungia mwezini. Mkifungia Ufilipino kwenyewe ndo balaa zaidi, kosa la ndoa mbili lina kifungo cha miaka 6 na siku moja hadi 12.

"Mimi mgeni, hayanihusu." Yanakuhusu. Uzinzi ni kosa la jinai kule, na mwanaume aliyelala na mke wa mtu akijua ni mke wa mtu anashtakiwa pamoja naye, mume akiamua kulalamika. Hata mtoto mtakayezaa sasa hivi, sheria inamhesabu ni wa yule mume, hata mama akisema sio wake.

Sio wote wanaohitaji kubatilisha ila. Waislamu wana talaka yao kupitia sheria ya 1977 na mahakama za Sharia. Na kama ex wake ni mgeni na walitalikiana nje, talaka hiyo inaweza kutambuliwa, tangu hukumu ya Mahakama ya Juu kwenye kesi ya Manalo, 2018, hata kama aliyeomba ni Mfilipino mwenyewe. Lakini nayo inapita mahakamani kwanza.

Mwisho, "hukumu imetoka, tuweke tarehe ya harusi." Subirini. Hukumu lazima iwe ya mwisho, isajiliwe kwenye ofisi za usajili na kwa PSA, yaani mamlaka ya takwimu inayotunza vyeti, mpaka cheti cha ndoa ya zamani kitoke kimeandikwa ubatilisho pembeni. Mkifunga kabla ya usajili, ndoa yenu nyinyi ndo inakuwa batili. Kwa wanaoenda Marekani na viza ya mchumba, wote wawili mnatakiwa muwe huru siku mnayofungua maombi, sio siku ya intavyuu. Baada ya hapo ndo zamu yako mgeni kutafuta cheti cha ubalozi wako kwamba huna kizuizi, mnaomba leseni ya ndoa, tangazo linabandikwa siku 10, leseni ikitoka inadumu siku 120.